Luhende na Vyombo Vilivyojisifu

Chungu?

Kipo jikoni.

Mtama?

Umo chunguni.

Na hadithi?

Imo kinywani mwako, itoe.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa yenu leo ina usingizi, lakini nitaipokea hivyo hivyo. Sogeeni motoni. Na wewe uliyekalia kinu changu, shuka, kinu si kigoda. Haya.

Hapo zamani za kale, zama ambazo vyombo vilikuwa na midomo na vilijua kuitumia, palikuwa na mtu katika kijiji cha Itumbili, jina lake Luhende. Luhende alikuwa na shamba, alikuwa na ng'ombe wawili, alikuwa na mke aitwaye Nyanzobe. Lakini kuliko vyote hivyo alikuwa na ufagio. Alifagia asubuhi, alifagia mchana, alifagia jioni. Jembe aliliosha kabla ya kulima, na baada ya kulima akaliosha tena. Kuku wa nyumba ile walipotaka kuchakura walikwenda kwa jirani.

Nyanzobe mkewe alikuwa mpika pombe. Nasema mpika pombe, sisemi mkoroga uji. Pombe yake ya mtama ilisifiwa vijiji saba, na watu walikuja kumlimia shamba zima kwa ahadi ya kibuyu kimoja tu. Aliipika katika mtungi aliopewa na mama yake, na mama yake alipewa na bibi. Mtungi ulikuwa mnene, mweusi, na ndani umeota ukoko wa miaka mingi. Nyanzobe hakuusugua hata siku moja. Aliusuuza kwa maji baridi, akaufunika ungo, basi.

Ukoko ule ulimkosesha Luhende raha. Mgeni akipita karibu na mtungi, Luhende husimama mbele yake auzibe. Akila, anauwaza ukoko. Akilima, anauwaza ukoko. Siku moja Nyanzobe alikwenda kukata kuni, na huku nyuma mumewe akapiga magoti mbele ya mtungi na mchanga, na majivu, na maji ya moto. Akausugua mara ya kwanza. Akausugua mara ya pili. Akausugua mara ya tatu mpaka jasho likamtoka. Kisha akauanika juani, ukawa mwekundu kama umetoka kwa mfinyanzi leo.

Nyanzobe aliporudi, akaitwa aje aone. Akaingiza kichwa mtungini, akanusa. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu, akatoa kichwa polepole kama mtu aliyekuta zizi lake tupu.

"Chachu ya bibi yangu ilikuwa humu," akasema. "Umeitupa wapi?"

"Nimetupa uchafu," akasema Luhende.

"Si ungeniuliza kwanza, mume wangu."

"Nikuulize nini? Chombo ni chombo. Pombe ni maji na mtama, hujichachia yenyewe. Kazi yako wewe ni kuitazama."

Hapo ndipo alipoharibu. Kwa mtungi angesamehewa, maana mume mjinga si jambo geni duniani, na nyie wanawake mnaocheka huko nyuma mnajua. Lakini maneno yale hayakusuuzika. Nyanzobe alikoroga pombe katika mtungi safi, ikakaa siku saba, ikabaki uji. Siku ya nane akajitwisha furushi la nguo zake, akarudi kwa baba yake kijiji cha Busongo, mwendo wa nusu siku.

Luhende akangoja siku ya kwanza, hakumwona. Akangoja siku ya pili, hakumwona. Siku ya tatu akaoga, akapaka mafuta, akaenda ukweni.

Baba mkwe wake aliitwa Mzee Kapela, mtu wa mila kutoka unyayoni hadi utosini. Aliketi na wazee wenzake watatu, akamsikiliza mkwewe mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema, "Mkwe wangu, nasikia kwako pombe hujichachia yenyewe. Jambo zuri sana. Basi iambie ijichachie, uniletee. Nitapiga mafunda matatu. Nikiyameza kwa raha, chukua mkeo uende. Nisipoona raha, utajaribu tena. Mara tatu nitakupokea, mara ya nne sikujui."

Sasa sikieni mila yenyewe, maana bila hiyo hamtacheka vizuri. Katika nchi ile pombe ya mkwe haitemwi. Anayetema pombe ya mkwe ametema ndoa, ametema ukoo, ametema na wajukuu ambao hawajazaliwa. Ikishapita mdomoni ni lazima ishuke, iwe tamu iwe sumu. Kwa hiyo Mzee Kapela alipotoa sharti lile, hakuwa akimtesa Luhende peke yake. Alikuwa akiliweka rehani tumbo lake mwenyewe.

Luhende akarudi anatabasamu. Moyoni alisema, kazi hapa ni chombo tu. Nikipata chombo kizuri kuliko ule mtungi, mke ninaye.

Akaenda kwa mhunzi. Pale mlangoni palikuwa na sufuria ya shaba, pana, imesuguliwa mpaka unaona meno yako ndani yake. Sufuria ikaimba:

*Ng'a, ng'a, nang'aa mimi,*
*Jua likinitazama hufumba macho.*
*Nichukue mimi, Luhende, nichukue mimi.*

"Una ukoko?" akauliza Luhende.

"Mimi? Ukoko nausikia kwa majirani."

Luhende akatoa beberu mmoja, akaichukua. Akapika uji wa mtama, akaupoza, akaenda kwa jirani kuomba kimea, yaani unga wa mtama ulioota, na machicha ya chachu, akakoroga, akaacha. Siku ya tano akafunua. Pombe ilikuwa imechacha kweli, na kuzunguka ukingo wa sufuria palikuwa na rangi ya kijani, kijani cha kupendeza, kama majani ya kunde. Mtu mwingine angeshtuka. Luhende alifurahi, akasema hata shamba likiwa zuri huwa kijani.

Akajitwisha sufuria kichwani bila ngata, maana mambo ya ngata aliona ni ya wanawake. Alipopita kisimani, wanawake waliokuwa wakichota maji wakamuuliza shingo imekwenda wapi.

Busongo wazee wakakaa, Nyanzobe akasimama mlangoni. Mzee Kapela akapiga funda la kwanza. Macho yakamtoka. Akapiga funda la pili. Akashika fimbo kwa mikono miwili. Akapiga funda la tatu, akalimeza, akaweka kibuyu chini kwa adabu, akawaambia wageni wamwie radhi, akatembea taratibu mpaka kona ya nyumba. Alipopita kona, alikimbia. Alikaa kwenye mihogo siku tatu. Chakula alipelekewa, akakirudisha. Siku ya nne alitoka amekonda, suruali ameishika kwa mkono, akasema neno moja tu.

"Moja."

Luhende akarudi Itumbili, akaitupa sufuria kwenye kichaka. Huko kichakani iliendelea kuimba, lakini nani aisikilize? Debe tupu haliachi kuvuma, na sufuria yenye kutu ndiyo kabisa.

Alikuwa amejifunza jambo moja: chuma na shaba havipatani na uchachu. Hilo alilijua sasa. Mkimwona mtu amejifunza jambo moja, mwogopeni, maana hudhani yamekwisha.

Akaenda kwenye shamba la maboga ya vibuyu. Akakuta kibuyu kikubwa, tumbo kama la mama mjamzito, shingo nyembamba, kimekaushwa vizuri. Kibuyu kikaimba:

*Ki, ki, nafunga mimi,*
*Siri niliyopewa haitoki.*
*Nichukue mimi, Luhende, nichukue mimi.*

"Unaota kijani?"

"Mimi ni mmea, kijani nilikwisha kukiacha utotoni."

Luhende akakichukua. Akapika, akapoza, akatia kimea na chachu, akamimina pombe humo. Kisha akawaza nzi. Akawaza vumbi. Akawaza mende. Akachukua gunzi la hindi, akalisokomeza shingoni, akalisiliba kwa nta, akafunga kwa kamba mizunguko mitatu. Hata hewa, alisema, ina uchafu wake.

Siku ya tatu, pombe ikiwa bado inachacha, akajitwika kibuyu akaondoka, jua la mchana likiwaka. Alipofika mtoni, kibuyu kikasema, "Luhende, nimevimbiwa. Nifungue kidogo."

"Vumilia," akasema Luhende. "Chombo ni chombo."

Alipofika kwenye mwinuko, kibuyu kikasema, "Luhende, naumwa. Nifungue kidogo, nipumue."

"Vumilia. Chombo ni chombo."

Alipofika kwenye ua wa Mzee Kapela, kibuyu hakikusema tena. Kilikuwa kinalia kwa ndani, tii, tii, tii. Luhende akakitua mbele ya wazee, akapiga goti, akaanza kufungua kamba ya kwanza, akafungua ya pili. Ya tatu haikumngoja. Gunzi lilitoka likapita sikioni mwa mzee wa kwanza, likaangusha kofia ya mzee wa pili, likamwamsha mzee wa tatu ambaye alikuwa amelala tangu asubuhi. Pombe yote ikapanda juu, ikasimama kidogo hewani, ikashuka juu ya Mzee Kapela.

Pombe ikawa inamdondoka kwenye nyusi, kwenye pua, kwenye ndevu. Mtu akamletea kitambaa ajifute. Akakataa, maana pombe ya mkwe kama haitemwi, basi na kufutwa haifutwi. Akalamba sharubu kulia, akalamba kushoto, akalamba katikati, kwa ajili ya hesabu. Kisha akakaa pale pale juani mpaka akakauka. Nzi wote wa Busongo walikuja kumsalimia.

"Mbili," akasema, na ndevu zake zilikuwa ngumu kama ufagio.

Nyanzobe alikuwa mlangoni. Luhende aliona amefunika mdomo kwa kanga, lakini hakujua kama anacheka au analia. Njia nzima ya kurudi alijiuliza swali hilo, na hakupata jibu, na jambo hilo lilimuuma kuliko aibu ya gunzi.

Mara ya tatu alikwenda polepole. Sasa alijua mambo mawili: asitumie shaba, na asizibe. Chombo chake lazima kiwe cha mti, na kiwe na pa kupumulia. Akazunguka msituni siku mbili, akaona mzinga umelala chini ya mti, gogo lililotobolewa, nyuki wamehama. Mzinga ukaimba kwa sauti nzito:

*Mm, mm, mtamu mimi,*
*Nimelea asali miaka kumi.*
*Nichukue mimi, Luhende, nichukue mimi.*

"Unaota kijani?"

"Sioti."

"Unapasuka?"

"Mimi nina tundu la kupumulia. Nipasuke kwa nini?"

"Wenyewe wako wapi?"

"Wamekwenda matembezi," ukasema mzinga, na ukageuza habari.

Luhende akauziba pande zote mbili kwa mbao na nta, akaliacha tundu la kupumulia wazi kwa juu. Akapika, akapoza, akatia kimea na chachu. Na hapa lazima niseme kweli, msimulizi hadaiwi uongo: pombe ile ilikuwa nzuri. Ilichacha ikiwa na asali ya zamani iliyobaki kwenye mti, harufu yake ikajaa Itumbili nzima. Ikajaa hata msituni.

Safari hii alivaa ngata. Wanawake wa kisimani walimpigia vigelegele, naye akawainamia bila kuinamisha mzinga. Hakugeuka nyuma. Kama angegeuka angeona wingu dogo, jeusi, linalomfuata kwa mwendo wake.

Mzee Kapela akaketi. Akapiga funda la kwanza, uso ukakunjuka. Wazee wakatazamana. Akapiga funda la pili, akatabasamu, akamgeukia binti yake na kutikisa kichwa kwamba naam, hii ndiyo. Nyanzobe alikuwa ametoka mlangoni, amesogea hatua tatu.

Mzee akapiga funda la tatu, na ndani ya funda la tatu alikuwamo nyuki.

Nani atamhukumu mzee yule? Alifumba mdomo, mashavu yakavimba, machozi yakamtoka, na ndani watu walisikia vuu, vuu. Hakutema. Alimeza, na nyuki kabla ya kushuka alimwachia kumbukumbu kwenye ulimi. Wakati huo huo wingu lilitua uani. Malkia wa nyuki akakaa juu ya mzinga, akauliza nani aliyejaza uji ndani ya nyumba yake, na kabla mtu hajajibu akawaambia wanawe wawaulize watu wote.

Waliulizwa wote. Wazee ambao walikuwa hawajakimbia tangu ujana wao waliruka ua. Luhende alijitosa kwenye mashimo ya udongo. Jua lilipopungua ukali, nyuki walipochoka, Mzee Kapela alitoka nyuma ya ghala, ulimi umejaa mdomo mzima. Kusema hakuweza. Akamtazama mkwewe, akainua vidole vitatu.

Luhende akarudi nyumbani.

Kesho yake hakufagia. Aliketi kizingitini akauangalia ua, na ua ulikuwa safi, na hapakuwa na mtu wa kuuchafua. Nyumba nzima haikuwa na unyayo ila wake. Akasikia uchungu, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Njia nzima ya kutoka Busongo vyombo vilikuwa vimemwita. Kinu kilisema nichukue mimi, ngoma iliyopasuka ilisema nichukue mimi, hata hori la nguruwe lilisema nichukue mimi. Akawaza: nimeisikiliza shaba, nimekisikiliza kibuyu, nimeusikiliza mzinga. Mtu aliyepika pombe miaka yote ndani ya nyumba yangu, huyo sijamsikiliza hata dakika moja.

Akaondoka bila kuoga. Wanawake wa kisimani wakamuuliza leo amebeba nini. Akasema hakubeba kitu, wakamwonea huruma, maana mkono mtupu haulambwi, na ukweni ndiyo kabisa.

Mzee Kapela alimwona kwa mbali akaingia nyuma ya ghala, akachungulia. Ulimi ulikuwa umeshapungua. "Nafasi zako zimekwisha," akaita kutoka huko. "Umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, baba."

"Mikono. Inyooshe niione."

Luhende akainyoosha. Akaambiwa ageuke, akageuka. Akaambiwa atikise nguo, akatikisa.

"Baba," akasema, "sikuja na pombe. Nimekuja kumuuliza Nyanzobe neno moja."

Mzee Kapela akafikiri. Mtu wa mila hukumbuka alichosema na ambacho hakusema. "Kuleta pombe nilikuhesabia," akasema. "Kuuliza sikukuhesabia. Uliza. Lakini ulizia hapo hapo ulipo."

Nyanzobe alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua macho. Luhende akamsalimu, akasema, "Mke wangu, nieleze. Pombe hupikwa katika chombo gani?"

"Sijasikia," akasema Nyanzobe.

Luhende akauliza tena kwa sauti.

"Sijasikia."

Luhende akapiga magoti kwenye makapi, pale kwenye vumbi, mtu yule aliyekuwa akiosha jembe. "Mimi sijui," akasema. "Nilidhani najua, kumbe sijui. Nifundishe."

Nyanzobe akaweka ungo chini. Akampeleka nyuma ya jiko, na pale palikuwa na chungu kikubwa cha udongo, kimepauka, mdomo umemeguka upande mmoja. Ndani yake alikaa kuku, kuku kishingo, shingo tupu kama mzee aliyenyolewa. Chungu hakikuimba. Hakikusema hata neno, na Luhende akauliza kama ni bubu.

"Kina kazi," akasema Nyanzobe. "Weka mkono wako. Udongo wake mnene, usiku hakipoi haraka na mchana hakiungui. Ngozi yake ina vitundu usivyoviona, hapo ndipo chachu hukaa. Mdomo wake mpana, nikifunika ungo kinapumua na vumbi haliingii. Chini chembamba, machicha yakizama yanatulia."

"Basi tukichukue," akasema Luhende, akanyoosha mkono.

Kuku akamdonoa. "Nina mayai kumi na moja," akasema. "Bado siku kumi na sita. Na usinifagie."

Luhende akamtazama mkewe. Zamani angemrusha kuku yule mpaka Itumbili. Sasa akauliza tufanyeje, na Nyanzobe akajibu kwamba tutangoja.

Akangoja siku kumi na sita ukweni, analala kwenye banda la mbuzi. Lakini hakulala tu. Nyanzobe alimfundisha kuloweka mtama, kuuotesha chini ya majani, kuuanika, kuusaga uwe kimea. Jiwe la kusagia lilimtoa malengelenge. Aliposema amechoka, Nyanzobe alimwambia asihangaike, itajisaga yenyewe. Akaendelea kusaga.

Vifaranga walipototolewa, kumi na mmoja kamili, kuku kishingo akawatoa nje akasema chungu ni chenu, jiko mlitunze. Luhende akachungulia. Manyoya. Majani. Maganda. Na mengine ambayo kuku huyaacha. Mikono ikaanza kumwasha. Aliuona mchanga pale, aliyaona majivu pale. Akaficha mikono mgongoni.

"Hicho sasa kioshe," akasema Nyanzobe. "Mavi ya kuku si chachu, mume wangu, hata mimi nina pua. Sugua mpaka kitakate. Kisha nitakuonyesha kinachobaki."

Luhende alisugua kwa furaha ambayo hajapata kuwa nayo tangu aoe. Alipomaliza, Nyanzobe akaleta machicha kutoka mtungi mwingine, ule ambao mama yake aliupikia pale Busongo, akakipaka chungu ndani, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Wakapika uji, wakaupoza mpaka kidole kikavumilia, wakatia kimea. Wakakikalisha chungu kwenye majani makavu, wakakifunika ungo. Siku ya pili Nyanzobe akamwita aweke sikio. Ndani palikuwa na mnong'ono, chwa, chwa, chwa, na Luhende akakaa ameinama hapo mpaka shingo ikauma. Hakuwa amewahi kuisikiliza pombe.

Siku ya tano ikaiva. Mzee Kapela alikuwa amesema wazi kwamba hiyo si yake, nafasi zilikwisha, aamue Nyanzobe mwenyewe. Akakaa mbali, mgongo ukutani, amefunga kitambaa mdomoni kwa tahadhari. Wazee watatu walikuwa juu ya mti.

Luhende akanywa kwanza yeye mwenyewe, kama ilivyo desturi ya mpishi. Hakuanguka. Harufu ikaanza kutembea. Ikafika ukutani. Mzee Kapela akalegeza kitambaa. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Mara ya tatu alikuwa mbele ya chungu ameshika kibuyu, na hakuna aliyempa. Akapiga funda la kwanza, akangoja tumbo. Kimya. Akapiga funda la pili, akangoja mlipuko. Kimya. Akapiga la tatu, akangoja nyuki. Kimya. Akapiga la nne, ambalo mila haikulidai, na la tano, na la sita, mpaka wazee wakashuka mtini kwa wasiwasi kwamba hawatakuta kitu.

"Nimeamua," akasema Mzee Kapela akifuta sharubu. "Binti akitaka kwenda, aende. Mkwe atabaki hapa."

Watu wakacheka. Luhende hakucheka. Alikuwa anamtazama Nyanzobe, maana yeye peke yake alikuwa hajanywa, na furushi lake lilikuwa bado limening'inia kwenye paa la nyumba ya baba yake.

Nyanzobe akachota kidogo. Akanusa, akaonja, akazungusha ulimini.

"Imezidi uchachu," akasema.

Wazee wakanung'unika kwamba haijazidi. Luhende akawanyamazisha kwa mkono. "Nimekosea wapi?" akamuuliza mkewe.

Nyanzobe akaangua furushi kutoka paani, akakung'uta vumbi.

"Nitakuonyesha nyumbani," akasema.

Wakaondoka, yeye mbele na furushi, Luhende nyuma na chungu, na ngata ameikalisha sawasawa.

Basi wanangu, vyombo hujisifu, na kadiri chombo kinavyong'aa ndivyo kinavyosema sana. Ukitaka kujua chombo, muulize anayekitumia. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumlisha baba mkwe nyuki.

Watu wa Itumbili wanasema chungu kile kingalipo, na pombe yake ingali nzuri. Mimi nilipita huko, nikakaribishwa nionje, nikaonja mpaka nikaisahau njia ya kurudi, ndiyo maana hadithi hii imechelewa kuwafikia.

Chungu?

Kimekauka.

Kibuyu?

Kimepinduliwa.

Basi na mimi nimepindua. Mwenye kiu aende kwao, na aliyekalia kinu changu akirudishe jikoni kabla hajalala.